Nilivyomtengenezea Baba mlima kwenye kompyuta, makali yakawa yanakataa kubaki

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Naandika kutoka Lubumbashi, Katanga. Kiswahili changu nimekinyoosha humuhumu jukwaani, kwa hiyo mkikikuta kimepinda mahali, nyoosheni wenyewe tuendelee.

Na kabla hamjaanza: mimi ni mdada. Niiteni Zaina.

Hii si chai, sijatunga. Baba yuko hai, mlima upo, na nusu ya ushahidi iko mezani hapa wakati naandika. Nusu nyingine mtajua iko wapi.

Kazi yangu ni picha za 3D. Mtu anataka kujenga nyumba au kuweka makabati ya jikoni, mimi namtengenezea picha aione kabla fundi hajagusa kitu. Nina kiofisi katikati ya mji. Courant ikikatika (umeme, kwa lugha yenu) nateremka kunywa chai kama binadamu wengine.

Sasa twende kwa Baba.

Baba alifanya kazi kwenye kuyeyusha shaba tangu ujana wake. Kwa wasioijua Lubumbashi: mji wetu una mlima mweusi mkubwa ambao Mungu hakuuweka. Ni mabaki ya mawe baada ya shaba kutolewa. Yalikuwa yanamwagwa yakiwa moto, yanaganda, yanamwagwa mengine juu yake. Tunauita terril. Kando yake kuna bomba refu la moshi. Ukipotea mjini, unatafuta hivyo viwili kwanza.

Baba alikuwa kwenye timu ya kumwaga. Kwa hiyo ule kwake si mlima wa mji. Ni wake. Mgeni akija nyumbani, hata kiti hajapewa, Baba anamwambia: "Ile pale juu, nilimwaga miye."

Nyumba yetu iko upande ambao jua likishuka linapita nyuma ya mlima. Tulipokuwa wadogo, alasiri kivuli kilikuwa kinaingia uani mapema, na Mama analalamika kila siku kwamba nguo hazikauki. Alikuwa anaanua huku anautukana mlima. Baba anacheka, anasema ukitukana mlima umenitukana mimi.

Kisha macho ya Baba yakaondoka. Presha ya macho. Yalianza pembeni, kama pazia linavutwa pole pole, mpaka likafunga. Ni miaka mingi sasa.

Na katika miaka hiyohiyo, wakuu, mlima nao ukaanza kuliwa.

Kumbe ndani ya yale mabaki bado kulikuwa na madini. Mashine zikapanda, zikawa zinachimba na kubeba. Leo upande mmoja bado una ule mteremko wake wa zamani, upande mwingine umekatwa. Kilele alichokimwaga Baba hakipo.

Baba hakuambiwa. Huo ulikuwa uamuzi wa Mama.

"Mumuache na mulima yake," Mama alituambia. "Macho ilienda. Kazi ilienda. Sasa munataka kumunyang'anya na ile?"

Basi kila akiuliza habari za mlima, anajibiwa "iko". Neno zuri sana hilo. Unamdanganya mtu bila kusema uongo.

Tukaishi hivyo mpaka akaja mgeni. Mwenzake wa zamani kazini, aliyehamia Kilwa, kule ziwa Mweru, anauza samaki. Alikuja na samaki wakavu, wakakaa sebuleni wanakumbushana. Mara mgeni akasema: "Ndugu yangu, nimepita pale chini, nimeshituka. Mulima yetu banaikula!"

Mama alitokea jikoni kama beki wa mwisho. "Kula, kula, bukari inapoa!"

Mgeni akaelewa, akavuta sahani. Lakini nilimwona Baba anavyougeuza uso wake, kwanza kwa mgeni, kisha kwa Mama, kisha upande wangu. Nikaona aibu sana.

Mgeni alipoondoka Baba akaniita.

"Zaina. Weye njo unaonyeshaka bantu nyumba yenye haiko bado, ao?" ("Njo" yetu ni "ndiye" au "ndiyo" yenu.)

"Ndiyo, Baba."

"Bon. Sasa unionyeshe kintu yenye iko. Siko na macho, lakini niko na vidole."

Hapo ndipo uzi huu unaanza kweli.

Nikaamua kuutengeneza mlima kwenye kompyuta jinsi ulivyo leo, niutoe kwenye printa ya 3D, plastiki, ukubwa wa kushikika kwa mikono miwili, nimwekee mapajani. Nikimpa kitu cha uongo, nimejiunga na wale wa "iko". Nikimpa cha kweli, namvunjia mlima wake mkononi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kitu kimoja tu: "Akilia, utamubembeleza weye."

Nikazunguka mlima na simu kwa nje, maana ndani hawakuruhusu. Nikapiga picha kutoka barabarani, kutoka ghorofa la rafiki, kutoka kila mahali penye upenyo. Nikarudi ofisini na moyo wa kazi.

Wasio wa kompyuta msikimbie, naeleza kama mtu anayepika.

Kwenye 3D unaanza na umbo la kihunihuni: nukta chache zimeunganishwa na mistari. Mistari hiyo ndiyo edge, na mifupa yote hiyo tunaiita mesh. Kisha kuna kitufe cha subdivision. Ukikibonyeza, kila kipande kinagawanywa vinne, na kila nukta inasogezwa kidogo kuelekea majirani zake. Unabonyeza tena, zinasogea tena. Umbo lenye pembe linakuwa laini.

Miaka yote natumia hicho kitufe kwa makochi, mito na masinki. Sikuwahi kujiuliza kinafanya nini hasa. Nikautengeneza mlima, nikabonyeza.

Wakuu, lilitoka bukari! Ugali kabisa, ule uliopigapigwa na sahani yenye maji ukawa duara. Sehemu iliyokatwa imegeuka kitambi. Hakuna kilichokatwa popote.

Na tatizo ni kwamba ulipendeza. Nilimwonyesha Mama kwenye simu, akafurahi mno. "Iko muzuri! Mupe hii hii."

Si ajabu aliupenda.

Ikaniingia hamu ya kujua. Kwa nini pembe zinakufa? Nikafungua faili jipya, nikaweka boksi tupu, nikabonyeza. Boksi likawa karibu mpira. Nikakaa nikiliangalia kama mtoto aliyeona kinyonga. Jibu lipo kwenye ile sheria yenyewe. Kila nukta inavutwa na majirani, na nukta iliyoko kwenye pembe ndiyo iliyojitenga zaidi, kwa hiyo ndiyo inayovutwa zaidi. Kitufe hakina ubaya wowote. Hakijui tu kwamba pembe fulani ilikuwa na maana.

Njia ya kwanza niliyojaribu ni ile ya wengi: unaongeza mistari ya ziada, miwili mitatu, ikibanana karibu na ule ukingo unaotaka ubaki. Nukta zikikaa jirani sana, hata zikivutwa hazifiki mbali. Ukingo ukabaki, nikapiga kigelegele peke yangu ofisini.

Kigelegele cha mapema. Ile mistari haikai pale ulipoitaka tu, inauzunguka mlima mzima mpaka upande wa pili, kwenye ule mteremko mzuri wa zamani. Huko ikaacha vijimikunjo. Kwa macho huvioni. Lakini nilifumba macho nikajiuliza: vidole vya Baba vikipita hapo? Angesema mlima una mbavu. Huo nao ungekuwa uongo, tena kwenye sehemu ambayo anaijua kuliko mimi.

Nikafuta yote.

Njia ya pili inaitwa crease. Hapa huongezi mstari wowote. Unauchagua ule ukingo, unaupa uzito, kuanzia sifuri mpaka moja. Ni kama kumwambia subdivision: lainisha kila kitu, ila huyu usimguse. Sifuri, unalainika kama wenzake. Moja, unabaki mkali.

Sasa sikilizeni kilichonifurahisha mpaka nikasahau kula mchana. Ukingo wenye crease unabaki mkali, lakini mstari wenyewe bado unalainika kwa urefu wake. Yaani unaweza kupinda vizuri kama kona ya barabara, na bado ukakata kidole. Mimi nilidhani kali lazima iwe imenyooka. Kumbe la!

Halafu uzito si lazima uwe mmoja mwanzo mpaka mwisho. Nikatazama picha zangu tena. Pale mashine zilipokata karibuni, ukingo ni mkali kabisa. Ukiufuata kuelekea kushoto, mvua imeshaula, umeanza kuwa butu. Mbele zaidi unapotea wenyewe katikati ya mteremko, huwezi kusema umeishia wapi. Nikaweka moja, nikashuka pole pole kipande kwa kipande, mpaka sifuri. Nikabonyeza.

Mlima ukatoka. Mteremko laini, mkato mkali, na mkato unafifia pale unapofifia kweli. Nikasema mwenyewe kwa sauti, "Huyu sasa ni yeye."

Tahadhari kwa watakaojaribu: faili la kwenda printa halibebi crease. Linabeba umbo tu. Ikamilishe subdivision kwanza (apply), hatua kadhaa, mpaka ule ukingo uwe umeandikwa kwenye umbo lenyewe, ndipo utoe faili. Ukipeleka ile mifupa mitupu, mwenye printa atabonyeza kulainisha kwake na utapata bukari yako palepale.

Hilo nililikumbuka, nikajiona mjanja. Sikujua kwamba adui wa ukingo wangu ananisubiri nje ya kompyuta.

Mwenye printa ni kaka mmoja, nitamwita Patient. Mtu mzuri kupita kiasi. Kwao ni watu wa malakiti, yale mawe ya kijani yenye miviringo. Wajomba zake wanayachonga mayai, vinyonga, masanduku ya hereni. Amekulia kwenye vumbi hilo. Nilimweleza ni zawadi ya Baba, asiyeona. Akaguswa sana. Akasema niachie, nitaifanya kwa moyo.

Akaifanya kwa moyo, kweli.

Alinipa imefungwa kwenye kitambaa na mimi nikaenda nayo nyumbani moja kwa moja, sikuifungua. Nilitaka tuifungue na Baba. Mama akaja kusimama mlangoni na ungo wake mkononi. Nikafungua kitambaa.

Ilikuwa inang'aa. Wallahi ungeweza kujiona uso. Ukingo wangu wote ule, hakuna!

Sikupata muda wa kusema kitu. Baba alishaichukua. Vidole vikapanda, vikateremka, vikazunguka. Vikapita pale penye mkato bila hata kusimama.

"Iko laini," akasema.

"Baba, ngoja..."

"Mulima haina laini vile. Shiye tulimwaga moto." Akanirudishia taratibu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha chakula asichokitaka. "Na weye pia, Zaina."

Wakuu, nimeshawahi kutukanwa na wateja. Hakuna lililowahi kuniuma kama hayo maneno manne.

Nilitoka pale nikaenda kwa Patient na hasira zangu zote. "Umefanya nini? Nani kakwambia uguse?"

Akashangaa. "Nimepiga msasa. Misasa minne, ya maji, kisha nikamalizia na kitambaa. Ilikuwa na makali, dada. Muzee asiyeona, atajikata!" Kisha akasema jambo ambalo lilinimaliza nguvu: "Kwetu kintu haitoki mukononi na makali. Ni haya kubwa. Mujomba angenichapa."

Nitamgombezaje mtu huyo? Alifanya kazi ya upendo. Subdivision nayo ilifanya kazi yake. Mama naye miaka yote alikuwa anapiga msasa uleule, akiogopa mzee asijikate. Nilikaa kwenye kiti cha Patient nikaanza kucheka, na yeye akacheka bila kujua kwa nini.

Nikamweleza. Safari hii nilimweleza habari yote, mpaka bukari ya Mama na samaki wa Kilwa. Akasikiliza, akaiwasha printa mbele yangu. Ilipotoka aliikodolea macho, mkono wake ukawa unaenda kwenye msasa wenyewe, nikaukamata.

"Dada, nimeona haya kukupa hii," akasema.

"Nipe na haya zako."

Alasiri nilimkuta Baba uani, amekaa juani. Mama anaanika nguo. Nikamwekea mapajani.

Mwanzo hakutaka kugusa. Kisha akaweka mkono mmoja, kisha wa pili. Kidole gumba kikaanza kupanda ule mteremko wa zamani. Nikaona uso wake unalegea, akawa anatikisa kichwa kidogo: ndiyo, ndiyo. Kikaendelea kupanda. Kikafika kwenye ukingo, kikasimama.

Akakirudisha nyuma. Akapanda tena. Kikasimama palepale.

Kisha akaufuata ukingo wote polepole kwa ncha ya kidole, ulivyopinda, mpaka unapoanza kuwa butu, mpaka unapopotelea. Hapo akabaki anapapasa mbele na nyuma.

"Hapa banakata," akasema. "Hapa balikata zamani, mvua iliisha kupita. Na hapa..." akapiga mteremko kwa kiganja, "hapa ingali ya kwetu."

"Ndiyo, Baba."

"Na juu haiko."

Nikasema tu, "Haiko, Baba." Sijawahi kuona neno gumu kutoka mdomoni kama lile.

Mama alikuwa ameacha kuanika. Amesimama na shuka lililolowa, maji yanamdondokea miguuni. "Nani alikuambia?" akauliza, kama vile mkononi mwa Baba hakuna kitu.

"Nguo zako," Baba akamjibu.

"Nguo?"

"Zamani alasiri ulikuwa unaanua, unatukana mulima. Sasa alasiri njo unaanika." Akageuza uso kwenye jua. "Na mi niko hapa kila siku, naisikia jua kwenye uso mpaka saa ya maghribi. Ile kivuli ilienda wapi? Nilijua inapunguka. Sikujua inapungukia wapi. Nilikuwa nangojea muntu mumoja wa hii nyumba aniambie."

Mama akakaa chini palepale kwenye jiwe la kufulia.

Aliyelia ni mimi. Na aliyenibembeleza ni Baba, mkono mmoja kichwani kwangu, mwingine bado uko kwenye ule ukingo. "Acha kulia. Iko kali, iko muzuri. Hii haina bongo." (Huku kwetu bongo ni uongo. Watu wa Dar msikasirike.)

Nilidhani tumemaliza. Siku iliyofuata akaniita tena.

"Sasa tengeneza ile yenye ilienda."

Kilele. Picha sina. Ikabidi anielekeze yeye, kwa mkono wake wenyewe ulioinama juu ya meza: hapa ulikuwa unapanda hivi, hapa wagoni lilikuwa linasimama, hapa tulimwaga vibaya siku moja pakabaki nundu. Namtengenezea, Patient anatoa, Baba anapapasa, anakataa. Nundu ndogo. Nundu kubwa. Nundu imeenda kulia. Mama ndiye aliyemaliza ubishi: alikuja akashika, akasema, "Ilikuwa pembeni zaidi. Mi niliitukana kila siku, naijua."

Ili kilele kikae juu ya mkato, ilibidi nichukue uso uleule wa mkato, na kila ukingo niupe uzito uleule wa crease. Nilipokosea mmoja tu, kikawa kinacheza kama jino bovu. Nilipouweka sawa, kikakaa tuli. Kwenye mfuko wa flashi niliyompelekea Patient niliandika kwa kalamu nene: MSASA HAPANA.

Siku hizi mgeni akija, Baba anauchukua mlima ukiwa mzima. "Hii njo tulimwaga shiye." Kisha anakiondoa kilele mwenyewe, anauchukua mkono wa mgeni na kumpitishia kidole kwenye ukingo. "Na hii njo iko leo." Mama analeta chai, anakaa, anasikiliza, na pale kwenye nundu anamsahihisha.

Nilichojifunza kwenye kazi: kabla ya kubonyeza subdivision, jiulize ni ukingo upi una habari ndani yake, uupe uzito wake, mingine iache ilainike. Usiongeze mistari hovyo. Na ongea na mwenye printa. Nilichojifunza nyumbani sina haja ya kukirudia, mmekisoma.

Wajuvi wa 3D, nina swali bado linaniwasha: pale ambapo crease inafia katikati ya mteremko, mnaipunguzaje bila kuacha kovu dogo kwenye nukta ya mwisho? Mimi nilikwenda kwa kubahatisha na kidole cha Baba ndicho kilikuwa kipimo. Na wengine wote, kama nyumbani kwenu kuna mtu mnamlainishia jambo, semeni hapa mlivyofanya. Kama mlikosea, semeni pia, humu hatuchekani. Sana.

Na wale wa "weka picha": ya mlima nitaweka, huu hapa mezani. Ya kilele nisubirini. Leo ni Ijumaa, Baba ameenda msikitini, na wazee wenzake wa kumwaga wako kule. Ameondoka nacho mfukoni mwa kanzu.